Panya darini, panya jikoni: maswali yenu na majibu

*Nyumba yetu ya Mbagala ina bati za msauzi na silingibodi. Kila usiku kuna mbio darini hadi alfajiri. Tumeweka sumu mara mbili. Walikufa, nyumba ikanuka wiki nzima, na baada ya mwezi mbio zikaanza upya. Tufanyeje?*
Mama wa watoto wanne, Dar es Salaam

Mama, pole kwa usumbufu. Hao wanaokimbia sasa ni wageni waliopita njia ileile ya wenzao. Panya wa darini, mwenye mkia mrefu kuliko kiwiliwili, hubeba mimba wiki tatu tu na huzaa watoto 6 hadi 8 kwa mkupuo. Sumu ilipunguza idadi yao lakini matundu yalibaki wazi. Kwa hiyo safari hii anza na matundu.

Mchana wa jua kali, mtu apande darini, azime tochi na atulie dakika tano. Kila mahali anapoona mwanga wa nje ni mlango. Panya mkubwa hupita tundu la sentimita 2, na mtoto wa panya hupita hata la milimita 12. Kwenye nyumba za bati, matundu mengi yako sehemu nne: chini ya migongo ya bati pale bati linapokutana na ukuta, kwenye kona za fishabodi (mbao za ukingo wa paa), pale waya wa umeme au bomba la tangi linapoingia, na kwenye matofali ya matundu ya kupitisha hewa. Bati la msauzi lina mgongo mpana, na mafundi wengi huuacha wazi kwa sababu kutoka chini hauonekani. Tazama pia kenchi, mbao zinazobeba paa: njia inayotumika sana huwa na mstari mweusi wenye mafuta, uchafu wa manyoya yanayopita hapo kila usiku.

Nunua wavu wa chuma wenye matundu ya milimita 6, ule unaokatwa kwa mita kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Wavu wa kuku hautoshi, matundu yake ni makubwa. Wavu wa mbu wa plastiki hutafunwa usiku mmoja. Kata vipande vya upana wa sentimita 15, vikunje katikati, kisha vipigilie misumari kwenye mbao kila baada ya sentimita 10 hadi 15. Ukiachanisha misumari sana, panya huinua ukingo wa wavu kwa meno na kupita. Migongo ya bati izibe kwa wavu badala ya zege, maana dari linahitaji hewa, hasa kwa joto la Dar.

Tundu la ukutani lizibe kwa simenti, kipimo 1 kwa mchanga vipimo 3, lakini usiweke simenti peke yake. Simenti mbichi ni laini usiku wa kwanza na panya huifukua. Shindilia kwanza stilwaya ya kusugulia masufuria, ndipo uifunike kwa simenti. Povu la kuzibia linalouzwa kwenye makopo halimzuii, kwani meno ya panya hayaachi kukua na kutafuna ndiyo kazi yake.

Usizibe yote siku moja. Acha wazi tundu moja, lile lenye mstari mweusi kuliko mengine. Weka mitego ndani kwa wiki moja, na nyunyiza unga wa ngano mwembamba mbele ya tundu hilo. Unga ukilala siku tatu bila alama za miguu, ziba. Ukiwafungia ndani watakufa humo na harufu itarudi. Ukimfungia nje mama mwenye watoto ndani, atatafuna mbao mpaka aingie.

Halafu tazama juu. Tawi la mwembe au mkorosho linalogusa bati ni ngazi. Kata matawi yote yaliyo ndani ya mita 2 kutoka paani.

*Naishi Likoni, chumba na jiko. Hawa wangu ni wadogo sana, wanatoka nyuma ya friji. Nimeweka mtego wa chuma na kipande cha nyama, hawashiki. Nyama inaliwa, mtego umetulia.*
Mpangaji, Mombasa

Ndugu yetu, ukiona vinyesi vyenye urefu wa milimita 3 hadi 6, mithili ya punje za mchele mweusi, huyo ni panya mdogo wa nyumbani. Wa darini ana vinyesi vya karibu milimita 12. Tofauti hii ni muhimu kwa sababu wawili hawa hawategwi kwa namna moja.

Panya mdogo ni mdadisi. Huingia kwenye kitu kipya usiku uleule, lakini anadonoa kidogo hapa na kidogo pale, na hatembei mbali na kiota, mara nyingi mita chache tu. Mtego mmoja katikati ya chumba hauna maana kwake. Weka mitego 6 usiku mmoja, kila mmoja ukiwa mita 1 hadi 2 kutoka kwa mwenzake: nyuma ya friji, chini ya sinki, nyuma ya mtungi wa gesi, kando ya kabati. Mtego ukae kama herufi T dhidi ya ukuta, upande wa chambo ukigusa ukuta, kwa sababu panya hukimbia akiegemea ukuta. Ukiuweka sambamba, atauruka au ataupitia kwa nyuma na hautafyatuka.

Chambo chako ni kikubwa mno. Kipande cha nyama kinavutwa pembeni bila kusukuma ulimi wa mtego. Tumia siagi ya karanga, kiasi cha punje moja ya harage, uipake hadi iingie kwenye kishimo cha ulimi. Ukipenda dagaa wa kukaanga au nazi iliyochomwa kidogo, funga kwa uzi wa kushonea ili lazima avute. Na ujaribu mtego wenyewe kwa penseli: usipofyatuka kwa mguso mwepesi, pinda kidogo ile ndoana inayoshika waya.

Panya wa darini ni kinyume chake. Anaogopa kitu kipya na anaweza kukizunguka kwa siku kadhaa. Mwekee chambo kwenye mitego isiyotegwa kwa siku 4 hadi 7, ale na kuzoea, kisha itege yote usiku mmoja. Na tumia mtego mkubwa. Ule mdogo humjeruhi tu, na aliyejeruhiwa akanusurika hashiki tena.

Panya mdogo hupita kwenye mwanya wa milimita 6, unene wa penseli. Ukiweza kupitisha penseli chini ya mlango, naye anapita. Pigilia chini ya mlango kipande cha bati cha kimo cha sentimita 15, kishuke hadi kikaribie sakafu. Zungumza na mwenye nyumba kuhusu gharama hiyo, ni ndogo na mlango ni wake. Kisha vuta friji na utazame ukuta nyuma yake: mara nyingi bomba la maji limepita kwenye tundu lililochimbwa kubwa na kuachwa hivyo.

*Tumevuna mahindi, tumeyaweka chumba cha ndani kwenye mifuko ya kinga njaa. Tuliambiwa mifuko hii inahifadhi bila dawa. Panya wametoboa sita.*
Mkulima, Kilosa

Mliambiwa kweli, ila hakuna aliyewamalizia maelezo. Mfuko huo una tabaka mbili za plastiki ndani na moja ya sulfeti nje. Unawaua wadudu kwa kuwanyima hewa. Haukutengenezwa kumzuia panya, na tundu moja la jino likishapita tabaka zote, hewa inaingia na dumuzi, wadudu wanaotoboa mahindi, wanapata nafasi. Mahindi ya mifuko iliyotobolewa yahamishie kwenye mifuko mizima leo, usingoje.

Weka mifuko juu ya chaga zenye kimo cha sentimita 15 au zaidi, na acha nafasi ya sentimita 50 kati ya mifuko na ukuta ili mtu aweze kupita akikagua. Lundo linalogusa ukuta linampa panya kichochoro cha giza, na ndipo anapojenga kiota. Zoa punje zilizodondoka sakafuni kila jioni, kwa sababu punje za nje ndizo zinazomfikisha kwenye mfuko. Kama mna pipa la chuma au la plastiki ngumu lenye mfuniko wa kubana, mahindi ya kula miezi miwili ijayo yakae humo.

Kilosa mna panya shamba, yule ambaye wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sokoine, hapo Morogoro, wamemchunguza kwa miaka mingi. Shamba likishavunwa na kubaki tupu, anafuata chakula kilipohamia. Fyekeni nyasi na ondoeni mabua kuzunguka nyumba, walau mita 3, kabla ya kuingiza mavuno. Mkijenga ghala la miguu, sakafu yake iwe mita 1 juu ya ardhi na kila mguu uvishwe kofia ya bati iliyo wazi kwa chini, inayojitokeza sentimita 25 pande zote. Ngazi iondolewe kila mkitoka. Ngazi iliyosahauliwa inafuta kazi yote ya kofia.

*Sumu gani ni salama? Ninanunua ya unga kwa wamachinga, inaua haraka sana. Nina mtoto wa miaka miwili na paka.*
Baba, Mwanza

Baba, hiyo acha kununua. Unga usio na lebo unaweza kuwa dawa ya kilimo yenye sumu kali, na mtoto akiulamba, daktari hatajua anatibu nini. Sumu iliyosajiliwa ina lebo, jina la kiambata (kemikali inayoua) na namba ya usajili wa TPHPA, mamlaka ya viuatilifu ya Tanzania, au PCPB, bodi ya viuatilifu ya Kenya, kwa wasomaji wetu wa huko.

Zile za vipande vya nta zenye brodifakumu au bromadioloni huzuia damu kuganda. Panya hufa baada ya siku 4 hadi 10, na kwa binadamu dawa yake ipo, vitamini K1, inayotolewa hospitali. Fosfidi ya zinki, unga wa kijivu cheusi wenye harufu kama kitunguu saumu, hugeuka gesi ya sumu tumboni na haina dawa maalumu ya kuipinga. Kwenye nyumba yenye mtoto wa miaka miwili isiingie kabisa. Vilevile vidonge vya kufukizia nafaka: gesi yake hupenya hadi chumba wanacholala watu, na inaua.

Kwa nyumba yako tunashauri mitego tu, ndani ya boksi lenye tundu ambalo mkono wa mtoto haufiki ndani. Paka akila panya aliyekula sumu anaweza kufa naye. Na ikitokea mtoto ameonja sumu yoyote, usimtapishe, usimpe maziwa wala mafuta. Mkimbize hospitali na pakiti mkononi, hata kama anacheza vizuri. Sumu za kuzuia damu kuganda hukaa kimya siku mbili tatu kabla ya kuonesha dalili.

*Je, kile kifaa cha kuchomeka kwenye soketi kinachotoa sauti kinafaa? Na pilipili? Na paka mmoja anatosha?*
Msomaji, Arusha

Kifaa, hapana. Sauti yake haipiti kwenye kabati wala ukuta, na panya huizoea. Pilipili na naftalini harufu yake hupungua baada ya siku chache, na naftalini ni sumu kwa watoto. Paka anasaidia uani na huwatia hofu wageni, lakini hafiki ndani ya ukuta wala chini ya kabati wanakozaliana. Hela ya kifaa nunua wavu.

*Stoo yetu ilifungwa miezi mitatu, imejaa vinyesi na mizoga. Tunaanzaje kusafisha?*
Dada, Lindi

Dada, usishike fagio kwanza. Ukifagia pakavu unarusha vumbi la kinyesi na mkojo hadi kwenye mapafu. Fungua milango na madirisha, ondoka nusu saa. Rudi na glavu za mpira, barakoa na buti. Lindi mnaijua homa ya mgunda iliyozuka mkoani kwenu Julai 2022. Vimelea vyake hutoka kwenye mkojo wa wanyama, panya wakiwamo, na huingia mwilini kupitia michubuko na macho, kwa hiyo usiingie peku.

Changanya dawa ya madoa ya klorini kipimo 1 na maji vipimo 9, siku hiyohiyo ya kutumia. Lowesha vinyesi na mizoga, subiri dakika 10, ndipo ufute kwa matambara ya kutupa. Usichanganye klorini na sabuni ya chooni yenye asidi, hutoa gesi mbaya. Mzoga ambao bado ni mbichi upulizie dawa ya wadudu kabla ya kuuinua, kwa sababu viroboto huuhama na kutafuta damu nyingine. Ndivyo tauni inavyosafiri. Weka mizoga kwenye mifuko miwili, moja ndani ya nyingine, na ifukie nusu mita kwenda chini, mbali na kisima.

Magodoro na nguo vianikwe juani, na nguo zifuliwe kwa maji ya moto. Nafaka iliyokojolewa usiioshe ukala. Imwage. Mtu wa nyumbani akipata homa, maumivu ya misuli ya miguu na macho mekundu ndani ya wiki mbili tatu, aende kituo cha afya na amweleze daktari kwamba alisafisha stoo yenye panya.