Konserto ya luti ya Vivaldi: anzia katikati

Wengi wakisikia "muziki wa klasiki" hujua ni watu themanini jukwaani na makoti meusi. Konserto ya luti (kipande cha sehemu tatu ambamo chombo kimoja hutangulia mbele ya vingine) ya mtunzi Mwitaliano Antonio Vivaldi, ile ya ufunguo wa Re meja yenye namba RV 93 kwenye orodha ya kazi zake, inataka luti moja, fidla mbili na besi. Basi. Na kama umekulia kwenye taarab ya udi na fidla, masikio yako yameshafika nusu ya njia. Luti ni mtoto wa udi: ulivuka na Waarabu hadi Hispania, Wazungu wakaufunga nyuzi za utumbo shingoni kugawa sauti, baadaye wakaacha kipande cha unyoya wakapiga kwa vidole.

Ushauri wangu ni kuiruka sehemu ya kwanza na kufungua ya pili, Largo, yaani ya mwendo wa polepole. Ni dakika nne hivi. Fidla zinavuta sauti ndefu bila haraka, na luti inajisemea juu yake. Wimbo una nusu mbili, na kila nusu inarudiwa. Raundi ya kwanza mpigaji hufuata kilichoandikwa. Raundi ya pili ni yake: atie nakshi, acheleweshe, ajaze mapengo. Hapo ndipo mimi humpima. Anayerudia vilevile neno kwa neno simmalizi. Anayepamba mpaka wimbo ukapotea, huyo ndiyo kabisa.

Suala la rekodi lina mtego. Nyingi utakazozikuta zimepigwa kwa gitaa. Gitaa silichukii, lakini sauti yake imejaa, inakaa hewani zaidi, na ule wepesi wa luti haupo. Soma maelezo uone chombo gani kimetumika, halafu tafuta kundi ambalo kila sehemu ina mtu mmoja. Luti ni chombo cha sauti ndogo. Ukiisikia imesimama mbele ya fidla kumi bila kutoka jasho, ujue maikrofoni ndiyo iliyofanya kazi. Na tafadhali, spika ya simu haifai, besi yote inamezwa. Vaa hedifoni, sauti ya wastani.

Konserto yenyewe iliandikiwa mtu mmoja. Vivaldi aliiandika mnamo 1730 hivi kwa ajili ya bwana mmoja wa Bohemia (Ucheki ya leo), Count Wrtby, na jina lake limo kwenye nakala ya mkono iliyohifadhiwa Turin, Italia.

Largo ikishakuingia, nenda sehemu ya tatu, fupi na ya kurukaruka, ndipo urudi ya kwanza. Ukinogewa, tafuta RV 540, ya luti na viola d'amore (chombo cha kupigwa kwa upinde kama fidla), iliyopigwa Venice mwaka 1740 mbele ya mwana wa mfalme aliyekuja ziarani kutoka Saxony, Ujerumani. Humo Vivaldi aliagiza fidla zote zitiwe vizibo vya kupunguza sauti, ili luti isikike.