Kabla ya Kumlaumu Mpangaji, Pima Umeme Ukutani

Nyumba nyingi za kupanga hapa Dar es Salaam hukabidhiwa zikiwa tupu: mpangaji huja na friji yake, jiko lake na feni yake, na siku ya kuhama huondoka navyo. Nyumba zangu nne za Mbezi huwapokea zaidi watu wanaokuja mjini kwa kazi ya mwaka mmoja au miwili, kwa hiyo tangu 2014 nimekuwa nikizipangisha zikiwa na vifaa vyote vya ndani. Kwa miaka hiyo yote nimenunua, nimetengeneza na nimetupa vifaa vingi, na somo lililonigharimu kuliko yote ni kwamba kifaa cha nyumba ya kupanga huanza kufa kwenye waya na mabomba, ambavyo ni mali ya mwenye nyumba, muda mrefu kabla mpangaji hajakikosea chochote.

Nilijifunza hilo kwa kumdhulumu mtu. Katika nyumba ya nne, iliyoko nyuma kabisa ya uwanja, friji iliunguza kompresa, ile mota inayosukuma gesi yake ya ubaridi, mara mbili katika miezi kumi na minne. Mara ya kwanza nililipa mwenyewe. Mara ya pili nilimwambia mpangaji, mama mmoja aliyekuwa akiishi na mama yake mzazi, kwamba lazima kuna namna anavyoitumia vibaya, nami nikakata gharama ya matengenezo kwenye amana yake. Hakubishana nami, ila alisema, "Dada, mimi friji naifungua na kuifunga tu." Fundi aliyekuja kufunga kompresa ya pili ndiye aliyekataa kuondoka kabla hajapima umeme. Alipima kwenye mita ya LUKU, ile ya umeme unaolipiwa kabla, akapata volti 226. Akapima kwenye soketi ya jikoni wakati pampu ya kisima ikifanya kazi, akapata 190, na kwa zile sekunde chache ambazo pampu ilikuwa inaanza kuzunguka, kipimo kilishuka chini ya 170. Waya uliotoka kwenye mita hadi nyumba ile ulikuwa mwembamba, wa milimita 1.5 za mraba, ukisafiri zaidi ya mita arobaini, na katikati yake palikuwa na kiungo kilichosokotwa kwa mkono na kuzungushiwa utepe, ambacho tayari kilikuwa kimeanza kuungua. Pampu hiyo niliiunganisha mimi kwenye waya huohuo, na kila mwezi nilikuwa nikimrudishia mpangaji uniti za umeme zilizoliwa na pampu nikiamini kwamba nimemtendea haki.

Umeme ukishuka kiasi hicho, mota ya kompresa hushindwa kuanza kuzunguka, huvuta mkondo mkubwa, hupata moto, na taratibu nyaya zake za ndani huungua. Hakuna mpangaji anayeweza kusababisha hayo kwa kufungua mlango wa friji. Nilimrudishia fedha zake zote na kumwomba radhi mbele ya mama yake, kisha nikavuta waya mpya wa milimita 6 za mraba kwenda nyumba ile na kuipa pampu njia yake peke yake. Friji iliyofungwa kompresa ya pili bado inafanya kazi.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza kwa mwenye nyumba anayetaka kuweka vifaa ni kutumia fedha kwa fundi umeme mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji, kabla ya kwenda madukani Kariakoo. Mwambie apime volti katika kila soketi saa moja au saa mbili usiku, wakati mtaa mzima unatumia umeme, na huku vifaa vizito vya nyumba vikiwa vimewashwa. Mwambie pia ahakikishe kwamba waya wa ethi, unaopeleka ardhini umeme uliovuja, upo kweli na umefika ardhini, kwa sababu nimeona soketi zenye matundu matatu ambazo nyuma yake hakuna ethi yoyote. Friji au mashine ya kufulia inayompiga mtu shoti anapoigusa akiwa peku haifai kuendelea kutumika hata kwa siku moja, na kumwambia mpangaji avae kandambili, kama nilivyowasikia wenye nyumba wengine wakisema, ni kucheza na roho ya mtu.

Baada ya hapo, kila friji niliichomekea kile kifaa kidogo cha kuilinda kinachokaa kati ya soketi na plagi. Hukata umeme unaposhuka au kupanda kupita kiasi, na ukirudi husubiri dakika tatu hadi tano kabla ya kuuruhusu. Kusubiri huko kuna maana yake: kompresa ikizimika ghafla, gesi iliyokandamizwa ndani yake huhitaji muda wa kutulia, na ikilazimishwa kuanza upya papo hapo huanza ikiwa imebeba mzigo mzito. Wapangaji wapya hudhani friji imekufa kwa dakika hizo, kwa hiyo nimebandika maelezo mafupi pembeni ya soketi.

Katika kuchagua, swali langu la kwanza dukani huwa ni nani mtaani kwetu anaweza kukitengeneza kifaa hicho, na spea zake zinapatikana wapi. Kifaa chenye kadi nyingi za kielektroniki hupendeza siku ya kwanza, lakini kadi moja ikiungua unaweza kusubiri wiki nyingi huku mpangaji akila chakula cha kununua. Nyumba zote nne niliziwekea friji za aina moja na ukubwa mmoja, na moja ilipofikia mwisho wake, raba ya mlango, rafu na termostati yake vilizihudumia zile tatu zilizobaki. Naangalia pia kiasi cha umeme kinacholiwa, ingawa bili halipi mwenye nyumba. Mpangaji mwenye matumizi madogo ya nyumbani, asiyevuka uniti 75 kwa mwezi, hulipia uniti moja bei ya chini sana kuliko anayevuka, na friji kuukuu inayonguruma usiku kucha inaweza kumvusha mpaka huo bila yeye kujua sababu.

Vifaa vilivyotumika kutoka nje nilivinunua mwanzoni, nami sivinunui tena kwa ajili ya kupangisha. Vya Marekani vimetengenezwa kwa volti 120 na mizunguko 60 kwa sekunde, wakati umeme wetu ni volti 230 na mizunguko 50, na transfoma hubadilisha volti peke yake. Vya Ulaya bara volti zake zinafaa, lakini plagi yake ya vijiti viwili vya mviringo, ikilazimishwa kwenye soketi zetu, huingia bila kugusa ethi. Anayevitumia nyumbani kwake hubadilisha plagi na kujua anachokifanya. Mpangaji wangu hawezi kukaa na mashaka hayo.

Kuhusu matengenezo ya friji, kuna neno moja ambalo limewala watu fedha nyingi, nalo ni "kujaza gesi". Friji haitumii gesi ikaisha kama mtungi wa jiko. Gesi yake huzunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, na ikipungua maana yake kuna tundu. Fundi anayejaza bila kutafuta tundu atarudi baada ya miezi michache kuchukua fedha nyingine. Muulize amelipata wapi, na umwonyeshe kibandiko cha friji kinachotaja aina ya gesi, kwa sababu friji nyingi za sasa hutumia R600a, ambayo hushika moto, na haifai kabisa kujazwa R134a kwa kuwa ndiyo aliyonayo mkononi. Tundu likiwa kwenye bomba la nyuma linaloonekana, tengeneza. Likiwa limezikwa ndani ya ukuta wa friji, nunua nyingine. Tundu la tatu hutokana na kisu: mtu anakwangua barafu kwenye chumba cha kugandisha, anatoboa sahani ya alumini, na friji nzima inakufa kwa sauti moja ya "fss". Hilo ni kosa la mtumiaji, lakini najiona nami ninahusika nisipomwonyesha siku ya makabidhiano namna ya kuizima na kuacha barafu iyeyuke yenyewe.

Maji nayo yana habari yake. Nilinunua mashine ya kufulia inayojiendesha, ambayo kitabu chake kilitaka msukumo wa maji usiopungua bar 0.5 (bar ni kipimo cha msukumo). Tangi langu liko juu ya mnara wa mita nne. Kila mita kumi za kimo hutoa takriban bar moja, kwa hiyo mimi nilikuwa na 0.4, na mashine ilisimama katikati ya kazi kila mara huku mafundi wawili wakibadilisha vali ambazo hazikuwa na kosa. Niliiuza, na sasa naweka zile za matangi mawili, ambazo mtu huweza kuzijaza kwa ndoo hata siku ya mgao wa maji. Hita ya bafuni kwenye maji ya kisima chenye chumvi huliwa elementi, ile sehemu ya ndani inayopasha maji, haraka. Zipo zilizotengenezwa kwa maji ya chumvi, na tofauti ya bei hurudi ndani ya mwaka wa kwanza. Jiko la gesi halina mengi: badilisha mpira na regulata kabla havijachakaa, na pima viungo kwa povu la sabuni kila mpangaji mpya anapoingia.

Kwa kutengeneza au kubadilisha, nina daftari ambalo kila kifaa kina ukurasa wake, wenye tarehe ya kununuliwa, bei, namba yake, risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, iliyogundishwa na kila tengenezo lililofanyika. Gharama ya fundi ikikaribia nusu ya bei ya kifaa kipya, na kifaa kimepita miaka saba, nakibadilisha. Kikiwa na umri mdogo, natengeneza, isipokuwa hitilafu ileile ikirudi mara ya pili. Hapo sitafuti tena kosa ndani ya kifaa, natafuta kwenye waya au bomba linalokilisha. Nakala ya ukurasa huo nampa mpangaji pamoja na mkataba, na tumeandika wazi kwamba kinachochakaa kwa kutumika ni changu, na kinachovunjwa ni chake baada ya fundi kusema kimevunjikaje mbele yetu sote wawili.

Nina pia friji ndogo ya akiba stoo. Yule mama mzazi wa nyumba ya nne alikuwa akitumia insulini, ambayo kabla ya kufunguliwa hutakiwa kukaa kati ya nyuzijoto 2 na 8, na siku zote nilizokuwa nikibishania kompresa ni nani alipe, binti yake alikuwa akiibeba dawa kwenda na kurudi kwa jirani ndani ya chupa ya chai yenye barafu. Alinieleza hayo siku nilipomrudishia amana. Sasa friji ya mpangaji ikizimika asubuhi, ile ya akiba huwa imeshawashwa jikoni kwake kabla ya jioni, hata kama fundi hajafika.