Kabla hamjapanda basi la Dodoma, someni hapa

Mkuu, kama risiti ya hizo fulana mlizonunua za safari bado unayo, zirudishe dukani leo leo.

Nimesoma uzi wako hadi chai imepoa. Shirika dogo la Pongwe, mnatetea familia za kipato cha chini, mna vijisenti vya mfadhili, na mnataka kwenda Dodoma mwezi Juni mkae na wabunge hotelini ili akina mama wa mwani na wakaanga samaki wapate ile mikopo inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri. Kisha unauliza barua kwa mbunge iandikweje, posho yake iwe kiasi gani, waandishi wa habari waalikwe au la, na hao akina mama wenyewe waende au wabaki. Wachangiaji walionitangulia wamekupongeza, mmoja kakutumia hadi mfano wa bango. Mimi sikupongezi.

Hiyo safari sisi tulishakwenda. Shirika letu liko katika moja ya halmashauri 11 za mkoa huu wa Tanga, siitaji ni ipi kwa sababu bado nakunywa nao kahawa. Hoja yetu ilikuwa kadi za CHF iliyoboreshwa, yaani Mfuko wa Afya ya Jamii, zile za shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu 6, na hii ni kabla ya Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023. Tulikuwa na orodha ya kaya 200 ambazo hata hiyo 30,000 hazina: wajane, wazee wanaolea wajukuu, vibarua wa mashamba ya mkonge. Piga hesabu, ni milioni 6. Tukataka wabunge "waingize fedha".

Wazo la Dodoma halikutoka kwetu, tuliuziwa. Kulikuwa na mshauri mmoja, suti imenyooka, kila baada ya maneno mawili anasema "wadau wa kisera". Alituambia huku chini tutapoteza muda, ngoma inachezwa Dodoma. Akatuandikia mkakati mnene wenye michoro ya rangi. Tulipokuja kuusoma vizuri, fedha imeshakwenda, tukakuta mahali pameandikwa "mtembelee seneta wako katika ofisi yake ya jimbo". Seneta! Tanga hii! Bwana mkubwa alinakili kijitabu cha shirika la Marekani, akabadilisha majina, yule seneta akamponyoka.

Sasa kule Marekani ushauri huo una maana, kwa sababu Bunge lao ndilo lenye kalamu ya fedha, na mjumbe anaweza kupigania kifungu kiongezewe pesa kwenye muswada. Hapa kwetu fungua Katiba, Ibara ya 99. Jambo la kuongeza matumizi kutoka Mfuko Mkuu wa Hazina halishughulikiwi bungeni mpaka pendekezo liwe la Rais na limeletwa na Waziri. Mbunge wako kupunguza anaweza kupendekeza. Kuongeza, hapana. Mtu tuliyemlipa atufundishe habari za wabunge hakuwa amesoma ibara inayosema wabunge hawawezi nini! Malipo yake alichukua yote mapema. Simu zetu hapokei, na siku akipokea yuko kwenye kikao.

Tukaondoka stendi ya Kange alfajiri, Segera, Chalinze, Morogoro, Dodoma, tumevaa fulana mpya kama wanafunzi wa mahafali. Ukumbi tumelipia, chakula cha mchana tumelipia, nauli na malazi ya akina mama tumelipia. Wabunge walikuja, sitawasingizia. Walikula, wakapiga picha na bango, wakatoa maneno mazuri, wakaondoka kuwahi kikao cha jioni. Akabaki mbunge mmoja, mwanamama. Akavuta kiti, akachukua karatasi yetu, akaisoma kwa kidole kutoka juu hadi chini. Akauliza habari za WDC, ile Kamati ya Maendeleo ya Kata: "Hili mlilipitisha WDC?"

Tukatazamana.

"Diwani wenu analijua?" Kimya. "Bajeti ya halmashauri yenu ilipita baraza la madiwani mwezi gani?" Mwenyekiti wetu, Mungu amsamehe, akasema labda Julai. Mama wa watu akavua miwani. Akatueleza kwa upole, ule upole unaochoma kuliko tusi, kwamba bajeti ya TAMISEMI, wizara inayosimamia halmashauri, ilishasomwa Aprili, ya halmashauri yetu ilishatoka mikononi mwa madiwani kabla hata ya hapo, na tunachokiomba ni uamuzi wa kule kule tulikotoka. Halafu akauliza tumetumia kiasi gani kuja.

Hapo ndipo pa kulia. Ukijumlisha na ya mshauri, tulitumia zaidi ya milioni 6. Soma tena, mkuu. Tulitumia fedha nyingi kuliko hizo tulizokwenda kuziomba. Zile kaya 200 tungezikatia kadi zote, moja moja, bila kusumbua mbunge yeyote, na chenji ya soda ikabaki. Wakati wa kurudi, tumekaribia Chalinze, bibi mmoja tuliyekwenda naye akanigusa bega: "Mwanangu, sasa hizo kadi tutazifuata au watazileta?" Nikajifanya nimelala.

Fulana zilizobaki ndiyo madekio ya ofisi. Zinanyonya maji vizuri sana, mfadhili akiuliza matokeo nitamwonyesha sakafu.

Kwa hiyo sikia neno langu. Usimfuate mbunge yeyote mpaka hoja yenu iwe na mstari kwenye muhtasari wa WDC. Ahadi ya diwani haitoshi, picha naye haitoshi, wananchi kunyoosha mikono haitoshi. Mstari ulioandikwa, wenye tarehe, kwenye muhtasari uliosainiwa.

Watu wanapotezwa na mwaka wa fedha kuanza Julai 1, wanadhani Juni ndiyo msimu. Juni watu wanasomewa kilichokwisha kuamuliwa. Vipaumbele vinatoka mkutano wa mtaa au wa kijiji, vinapanda WDC ambako diwani ni mwenyekiti na mtendaji wa kata ni katibu, vinakwenda kwa wataalamu wa halmashauri, Kamati ya Fedha, Baraza la Madiwani, RCC (Kamati ya Ushauri ya Mkoa), ndipo TAMISEMI. Shughuli hiyo inachezwa kati ya Novemba na Februari hivi. Kilichopita kinaingizwa kwenye PlanRep, mfumo wa kompyuta wa mipango na bajeti, na kupewa kasma, yaani namba ya fungu lake la fedha. Kisicho na kasma, mhasibu hakioni, hata kama Waziri alikipigia makofi.

Msimu uliofuata hatukukanyaga stendi. Tulianza na mkutano wa kijiji, na aliyesimama kuomba ni yule yule bibi wa Chalinze, si mimi na si mwenyekiti wetu wa Julai. WDC ilipokaa, mtendaji alikuwa na kaunta buku lake, nikamwona anaandika "wajumbe walijadili suala la afya". Angeishia hapo tungekuwa tumekwisha, kwa sababu mstari kama huo haumfungi mtu. Mweka hazina wetu, mama muuza mihogo ambaye hajawahi kumwogopa mtu, akainama juu ya daftari: "Baba, andika kaya 200. Andika 30,000. Andika halmashauri itenge." Mtendaji akamtazama diwani, diwani akaitikia kwa kichwa, akakata ule mstari na kuandika upya. Muhtasari uliposainiwa nikaomba kuupiga picha kwa simu. Kule juu Afisa Mipango aliposema hoja hii haijatoka chini, sikubishana naye, nilimpa simu asome.

Hatukupata zote. Zilitoka chini ya nusu, na fedha ikaja robo ya tatu ya mwaka wa fedha, baada ya njoo kesho nyingi za kutosha. Ila zilikuwa kadi, watu wakaenda nazo zahanati.

Ya kwenu ndiyo kabisa. Hiyo asilimia 10 unayotaka kuiombea Dodoma haiko Dodoma! Inatoka kwenye mapato ya ndani ya halmashauri: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu, bila riba. Kabla ya 2018 ilikuwa maelekezo tu, halmashauri hii inatoa, ile inajikausha. Sheria ya Fedha ya 2018 ndiyo iliyoiingiza kwenye Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, kifungu cha 37A, na hapo wabunge walifanya kazi yao halali. Mikopo ilisimamishwa 2023, ikarudishwa 2024. Fedha yenyewe lakini iko kwa Mkurugenzi, na faili la kikundi linaanzia kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata. Mama wa mwani akikosa mkopo, mara nyingi kikundi chake hakijasajiliwa, au katiba yake ina kasoro, au hakuna aliyemwambia dirisha limefunguliwa. Mbunge atasaidia nini hapo, atamjazia fomu?

Na kichekesho chenyewe ni hiki: mbunge wenu wa jimbo ni mjumbe wa Baraza la Madiwani, kwa sheria. Mnataka kuvuka mikoa kwenda kumwona mjumbe wa kikao kinachokaa Tanga mjini, daladala moja tu kutoka Pongwe.

Najua atatokea mjuzi aseme utetezi ni kujenga mahusiano. Mahusiano tulijenga. Nina namba za waheshimiwa kwenye simu, Idi na Krismasi napata salamu zenye maua. Jaribu kuzipeleka zahanati uone kama utapewa hata panadol.

Sisemi wabunge hawana kazi. Mkishakuwa na muhtasari na bado halmashauri inawazungusha, hapo mbunge ana meno. Ripoti ya CAG, Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, inawekwa mezani bungeni Aprili, ndani yake kuna sehemu ya serikali za mitaa, na mara kwa mara inataja halmashauri ambazo hazikupeleka hiyo asilimia 10 yote. Someni ya kwenu. Kisha mpeni mbunge swali, msimpe ombi: halmashauri ilikusanya kiasi gani, ilitenga kiasi gani, zimetoka ngapi, vikundi vipi. Swali analiuliza bungeni likajibiwa kwa maandishi yanayobaki kwenye kumbukumbu. Nakala ipelekwe LAAC, Kamati ya Bunge ya Hesabu za Serikali za Mitaa, ndiyo inayowaita wakurugenzi kujieleza. Ukurasa mmoja unatosha, na hauhitaji hoteli.

Posho, mkuu, swali hilo sikujibu mimi, watakujibu Takukuru, na hawatakujibu hapa jukwaani.

Ukumbi mmelipia wote au mmetoa kianzio? Kama ni kianzio, piga simu kesho asubuhi uombe kirudi, hata nusu si haba. Kisha nenda kata ukamwulize mtendaji WDC inakaa lini, na yule mama wa mwani mwenye mdomo mwende naye.