Sponji ya chungwa: achana na rangi, angalia vimiiba

Mkuu umeuliza hiyo sponji (yule mnyama wa baharini) ya chungwa uliyoikuta Mjimwema, Dar, wakati wa bamvua, imejichimbia ndani ya tumbawe, ni spishi gani, ukaweka na picha ya simu. Mi nahangaika na sponji hapa Dar miaka sasa na kwa picha peke yake sitaji spishi, maana rangi na umbo vinabadilika kutokana na mwanga na mkondo, na ukiitia kwenye spiriti mara nyingi rangi inatoka. Kinachobaki ni spikuli, vile vimiiba vya silika (madini kama ya kioo) au vya chokaa vinavyomshikilia huyu mnyama.

Chukua kipande kidogo kama punje ya hindi ila hakikisha kina ngozi ya nje na nyama ya ndani, kwasababu kuna sponji ngozi ina spikuli zake na ndani zake. Kabla hujayeyusha nyama, kata kwanza slaisi nyembamba kwa wembe uone zimepangwaje, hapa watu wengi wanaruka halafu wanakwama. Sponji wa jenasi (kundi la spishi za karibu) ya Haliclona kwa mfano, wengi wana vimiiba vyenye ncha pande mbili basi, na sponji kibao wanavyo hivyo hivyo, sasa usipoona ule wavu wao umesukwaje utatofautishaje?

Baada ya hapo tia Jik (ile dawa ya kung'arisha nguo), acha masaa kadhaa mpaka nyama iishe, mwaga taratibu sana halafu osha kwa maji safi mara nyingi, kila mara subiri zitulie chini kabisa, maana zile ndogo zinachelewa kuzama na ukiwa na haraka unazimwaga, na mara nyingi ndo zinazotenganisha jenasi na jenasi. Malizia na spiriti, dondosha kwenye slaidi, kausha. Dropa ya sampuli moja usiitumie kwa nyingine. Ukitaka kujua kama ni chokaa weka tone la siki, vimiiba vyenyewe vikitoa mapovu ni Calcarea, yaani kundi la sponji wa chokaa, LAKINI Jik iwe imeoshwa ikaisha kabisa, Jik ikikutana na siki inatoa gesi ya klorini, sumu hiyo, usicheze nayo.

Kwenye hadubini tenga makundi mawili, kubwa zinazojenga mwili na ndogo zilizotawanyika, nyingine zina maikromita 10 tu (maikromita ni sehemu moja ya elfu ya milimita) kwahiyo panda mpaka mara 400. Kubwa angalia ncha: kali pande mbili, kali upande mmoja, au upande mmoja kali na mwingine una kichwa kama pini. Ndogo angalia kama ni nyota, herufi S, au nanga ndogo. Pima kama 25 kwa kila aina, andika ndogo kabisa, wastani na kubwa kabisa, maana spishi mbili zinaweza kuwa na maumbo yaleyale zikatofautiana kwa vipimo tu. Ukiona moja mbili za ajabu ajabu usizihesabu haraka, sponji anaokota mchanga na vimiiba vya wenzake.

Na wapo wasio na spikuli kabisa, kama Spongia wa kuogea na hao wanaolimwa Jambiani kule Unguja, wao ni nyuzi tu na Jik inazila, ndo maana nakwambia slaisi kwanza.

Hiyo yako kwa kuwa imetoboa tumbawe ningeanza na Cliona, jenasi ya sponji wanaotoboa tumbawe. Tafuta vimiiba vyenye kichwa pamoja na vidogo vilivyojisokota vyenye miiba, hivyo vidogo visipokuwepo usiifute, kuna Cliona wenye vichwa tu. Halafu visiwa vya Bongoyo na Mbudya ni hifadhi, usikate kitu huko bila kibali. Ukishatengeneza slaidi weka picha hapa na vipimo tuiangalie pamoja.