Uliza Fundi: Tabo kubwa imefungwa, gari inasinzia kwenye kuondoka

SWALI: Habari fundi. Gari yangu ni otomatiki, injini lita 2 yenye tabo. Nilitoa tabo ya kiwandani nikafunga kubwa zaidi, sasa nikiondoka kutoka kusimama gari inajivuta tu, afu ikipita RPM 3,000 na kitu inaruka kama imepigwa teke. Rafiki yangu ana V8 isiyo na tabo, kafunga toki konveta ya stoli 4,000 na inaondoka vizuri mno, ananiambia na mimi ninunue hiyohiyo. Ninunue?

JIBU: Ndugu yangu, usinunue kwanza, tuongee. Ile 4,000 ni namba ya konveta yake ikiwa nyuma ya injini yake, ukiihamishia kwako inakuwa namba nyingine kabisa, na hapa ndo watu wengi wanapoteza hela.

Konveta ni kama feni mbili zinazotazamana ndani ya oili. Moja inazungushwa na injini, inairusha oili kwa mwenzake, na huyo mwenzake ndo anaizungusha gia boksi. Katikati kuna stata inayoigeuza oili irudi kwa mwelekeo wa kusaidia, ndo maana gari ikiwa imesimama konveta inaweza kuongeza torki (nguvu ya kuzungusha, inapimwa kwa Nm) mpaka karibu mara 2. Sasa stoli ni ile RPM ya juu kabisa injini inayofika ukiwa kwenye D, magurudumu hayaendi, na mafuta umekanyaga mpaka chini. Kwa hiyo ni mvutano, injini inasukuma, oili inakataa, na pale wanapolingana mshale unasimama.

Mshale unasimama wapi inategemea nguvu ya anayesukuma, na kwa makadirio stoli inafuata kipeuo cha pili cha torki, yaani torki ikiwa mara 4 stoli inakuwa mara 2. Chukua mfano V8 yake ina Nm 500 pale kwenye 4,000. Yako kabla tabo haijaamka tuseme ina 180. Konveta ileile kwako itaanza kushika kwenye 2,400 hivi, afu busti (hewa inayosukumwa na tabo) ikiingia torki ikafika 400 inapanda mpaka karibu 3,600. Unaona, konveta moja, stoli tatu tofauti.

Kwenye gari ya tabo stoli haitulii sehemu moja. Ukiwa umeshika breki na mafuta uangalie mshale vizuri, unapanda kwa haraka unasimama kidogo, unasikia filimbi ya tabo inaanza kwa mbali, afu mshale unaanza kutambaa tena wenyewe wakati mguu wako haujaongeza kitu. Ni mnyororo unaojilisha: moshi wa eksozi unazungusha tabo, tabo inaleta hewa, hewa inaleta torki, torki inaishinda oili, RPM zinapanda, moshi unaongezeka. Ila lazima kitu kiuanzishe. Konveta yako ya kiwandani inaibana injini sehemu ambayo tabo ndogo ilikuwa ishaamka, hii kubwa bado imelala, mnyororo hauanzi, basi gari inajivuta.

Kwa hiyo ndio, unahitaji stoli ya juu zaidi, lakini kiasi cha kuifikisha injini pale busti inapoanza kuonekana kwenye geji, na kwa gari ya kutembelea kila siku mara nyingi hiyo ni nyongeza ya mia kadhaa tu. Ukiipandisha stoli kupita kiasi gari inakuwa kama imefungwa na mpira, unakanyaga injini inalia gari inafuata baadaye, mafuta yanaisha haraka na oili inachemka. Nenda kwa mtu anayetengeneza konveta ukiwa na grafu ya torki yenye tabo mpya, uzito wa gari, uwiano wa difu na saizi ya tairi, asipokuuliza hivyo vitu akakupa namba tu mdomoni, ondoka. Na ongeza kipoza oili (kula) cha gia boksi. Mi binafsi kama hukimbizi gari kwenye mashindano ningerudi kwenye tabo ndogo, maana raha ya gari iko kwenye kuondoka, na kuondoka unakufanya mara nyingi zaidi kwa siku.

SWALI: Shikamoo fundi. Gari yangu ya tabo imekuwa nzito, tukapima stoli ikatoa 1,700 kwenye D na kwenye R, kitabu chake kinasema 2,300. Fundi anasema gia boksi imekufa, tubadilishe.

JIBU: Marahaba. Mwambie asubiri. Pleti za gia boksi zikiteleza mshale unapanda kupita kipimo, haushuki. Stoli ikiwa chini tena sawa mbele na nyuma, shida ni injini imepungua nguvu au klachi ya upande mmoja ya stata (inayoizuia isizunguke kinyume) imeachia. Na kwa hesabu ileile ya juu, kutoka 2,300 mpaka 1,700 maana yake torki imebaki karibu nusu, hiyo inafanana sana na gari iliyopoteza busti.

Niliwahi kuletewa gari gia boksi ishashushwa iko chini, na kosa lilikuwa hozi ya intakula (kipoza hewa ya tabo) imepasuka chini ya klipu, ukiitazama iko nzima, ila ukiijaza hewa na kupaka maji ya sabuni mapovu yanatoka mstari mzima. Anza hapo. Kama busti iko sawa, endesha: stata ikiwa imeachia gari ni nzito kwenye kuondoka tu, ikishachanganya inakwenda kawaida. Injini dhaifu ni dhaifu kote.

SWALI: Fundi, kipimo cha stoli nishike mafuta kwa muda gani?

JIBU: Sekunde 5 mwisho. Injini yenye Nm 300 kwenye RPM 2,500 inatoa kW 78 hivi, na gari haiendi popote, kwa hiyo yote inageuka joto ndani ya oili, ni kama birika za umeme 40 za wati 2,000 zinachemsha lita chache. Ukimaliza weka N, iache injini iungurume dakika 2 ndo urudie. Weka vizuizi kwenye magurudumu yote, hendibreki juu, mtu asisimame mbele wala nyuma. Na soma kitabu cha gari kwanza, magari mengi mapya kompyuta inapunguza nguvu yenyewe ukishika breki na mafuta pamoja, unapata namba ya chini unadhani gari mbovu kumbe ni kinga.