Mtungi wa haloni kwenye ndege ya zamani: tuung'oe?

*Shikamoo mzee. Najifunza ufundi kwenye karakana ya ndege ndogo hapa Mombasa. Ndege yetu ni ya 2004, na nyuma ya kiti cha rubani kuna mtungi wa kuzimia moto wa Haloni 1211. Bosi kasikia haloni imepigwa marufuku, kanituma mjini nikanunue wa poda, ule mwekundu kama wa kwenye matatu. Nikanunue?*

Marahaba kijana. Usiende, kwanza.

Haloni ni gesi ya kuzimia moto yenye bromini, na bromini ikifika juu angani huila ozoni, ile ngao inayotukinga na miale mikali ya jua, kuliko hata gesi za friji za zamani. Mojawapo ya hizo, CFC-11, ukali wake ukihesabiwa 1, Haloni 1211 ni 3, na Haloni 1301, ile inayolinda injini na vyumba vya mizigo vya ndege kubwa, ni 10. Itifaki ya Montreal ya 1987 ikafunga viwanda vyake: nchi tajiri kufikia 1994, nchi kama yetu 2010. Ila kilichokatazwa ni kuitengeneza. Iliyokwisha kutengenezwa haikuharamishwa, na hapo ndipo bosi wako alipochanganya.

Kanuni ya ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, inayokataza haloni kwenye mitungi ya mkononi inazishika ndege zilizopata cheti chao cha kwanza cha kuruka kuanzia 31 Desemba 2018. Yenu ya 2004 haimo. Ulaya wamebana zaidi: kwao hata ndege kuukuu zilipewa mwisho wa 31 Desemba 2025. Kwa hiyo kama mwenye ndege ana nia ya kuja kuiuza huko, abadilishe mapema.

Sasa hiyo poda. Moto inazima, sikatai. Lakini ifyatue ndani ya kandege kama hako uone: rubani hatoona geji hata moja, na vumbi litaingia kwenye soketi za redio. Likipata unyevu wetu huu wa Port Reitz, linaanza kula alumini. Moto umezima, ndege nayo imekwisha.

Mbadala unaofaa ni gesi iitwayo 2-BTP. Nayo ina bromini, lakini huvunjika hewani ndani ya siku chache kabla haijafika kwenye ozoni. Taabu yake ni uzito: mtungi ni mzito na mnene kuliko wa zamani, kwa hiyo kishikio chenu hakitaufaa. Usikikunje kwa koleo ukitie kwa nguvu! Agiza mtungi pamoja na kishikio chake, uliokubaliwa kwa aina ya ndege yenu, upige upya hesabu ya uzito na mlingano wa ndege, kisha mhandisi mwenye leseni ya KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga Kenya, atie sahihi.

Mpaka hapo, wa haloni mnao. Utoe, uupime kwenye mizani, ulinganishe na uzito ulioandikwa kwenye lebo. Geji peke yake usiiamini. Angalia na chini ya mkanda unaoushikilia. Mwaka jana niliufungua mmoja uliong'aa mbele kama mpya, nyuma kutu imechora mkanda mzima, hata bizimu yake. Chumvi ya bahari haina adabu.

Na siku mtakayoutoa, msiufungulie nje ya hanga. Gesi hiyo hukusanywa, husafishwa na kutumika tena kwenye ndege ambazo bado hazina mbadala. Waulizeni NEMA, mamlaka ya mazingira, pa kuipeleka.

Kama bosi keshanunua ule mwekundu, utundikeni ukutani, karibu na mapipa ya mafuta.