Maziwa hapa hamna

Mhariri, wiki hii mmeuliza: "Ugenini, ni wapi umewahi kula ukashiba kweli?" Najua wenzangu watawatajia mama fulani anayepika pilau nyumbani kwake kila Jumamosi na kuiuza kwa sahani, na watakuwa wamesema kweli. Hata mimi ninaye wangu wa hivyo, huko Bronx. Lakini mkiniuliza siku niliyoshiba mpaka mabega yakashuka, nitawaambia nilishiba kwa Wayahudi.

Mkahawa wenyewe unaitwa 2nd Avenue Deli; deli kwao ni mkahawa wa sandwichi na nyama za kulowekwa chumvi. Uko New York, Manhattan, mtaa wa 33 upande wa mashariki. Jina linasema Barabara ya Pili na huko hauko, nitalifikia hilo.

Nilipotoka Kibokoni, Mombasa, kazi niliyoipata Marekani ilikuwa ya kuhudumia wazee majumbani. Mwaka wa kwanza nilikonda. Chakula kilikuwa tele, ila nilichoka kuuliza. Maharagwe yamepikwa na nyama ya nguruwe. Supu ya mboga imepikwa kwa mchuzi wa mifupa isiyojulikana ni ya nani. Peremende zina jelatini, nayo huenda imetokana na nguruwe. Unamuuliza mhudumu, anakwambia hakuna kitu, halafu unaona kijipande cha rangi ya waridi kinaelea. Mwishowe nikawa naishi kwa mayai, ndizi na mkate ambao nao lazima niusome maandishi yake kama mkataba wa nyumba.

Wakati huo nilikuwa kwa bibi mmoja aliyezaliwa Lower East Side, mtaa wa zamani wa Wayahudi huko Manhattan, umri wake miaka tisini kasoro kidogo, ulimi kama wembe. Nilimwita Bibi, nikamfundisha maana yake, akaipenda kwa kuwa wajukuu wake walimwita kwa jina lake tu kama rafiki yao wa shule. Siku moja alinitazama nikila yai langu la kuchemsha, akasema: "Vaa koti. Leo unakula chakula."

Tulipokaa tu, kabla ya kuagiza, likaletwa bakuli la matango ya kulowekwa kwenye maji ya chumvi na kitunguu saumu, na kabichi iliyokatwakatwa. Achari! Si achari yetu, haina embe wala pilipili, lakini mtu anayekuwekea kitu kichachu mezani kabla hujasema neno ni mtu mliyelelewa pamoja. Nikamuuliza mhudumu, mzee mwenye miwani iliyoshuka puani, swali langu la kila siku: kuna nguruwe katika chakula hiki? Mzee akamtazama Bibi. Bibi akamtazama mzee. Wakacheka mpaka meza ya jirani ikageuka: kumbe nguruwe kwa Wayahudi ni haramu kama kwetu Waislamu.

Nikala pastrami. Jina limetoka kwa Waturuki likapitia Rumania, na Wayahudi wa Rumania ndio waliolileta New York karne ya 19. Nyama ya ng'ombe hulowekwa siku kadhaa kwenye maji ya chumvi, ikapakwa pilipili manga na dania iliyopondwa, ikafukizwa moshi, halafu ikapikwa kwa mvuke mpaka inalainika. Hukatwa ingali moto na kurundikwa katikati ya slesi mbili za mkate wa rai, nafaka jamaa ya ngano, wenye vijimbegu vinavyonukia kama jamaa ya bizari nyembamba. Juu yake haradali, basi. Usiombe mayonezi. Hakuna sheria ya dini inayoikataza, lakini utaangaliwa kama mtu aliyetia sukari kwenye biriani.

Bibi alinieleza kwa nini karibu kila kitu pale kinatoka upande wa mbele wa mnyama: kidari, na nyama ya chini yake. Katika Taurati, Yaakubu alipigana mweleka usiku kucha akateguka nyonga, na tangu hapo kizazi chake hakili ule mshipa wa paja. Kuuchomoa ni kazi ngumu, kwa hiyo wachinjaji wengi wa kosher, yaani chakula kilicho halali kwa sheria ya Kiyahudi, huko Marekani wanauza sehemu ya nyuma yote kwa watu wengine. Steki nzuri zimekwenda, kimebaki kidari, nyama ngumu yenye mafuta. Ndipo watu wakakaa na chumvi, moshi, mvuke na subira. Mimi niliyekulia kwenye papa mkavu na ng'onda sikuhitaji kuelezwa zaidi.

Nikashusha pumzi, nikamwita yule mzee: nipatie chai ya maziwa.

"Maziwa hapa hamna."

Nikadhani yamekwisha. Nikasema basi hata kidogo tu, ya kubadilisha rangi. Akasema hayajaisha, hayajawahi kuwapo. Taurati inakataza mara tatu kumpika mwana-mbuzi kwa maziwa ya mama yake, na marabi, walimu wao wa dini, wakajenga ukuta kuzunguka katazo hilo: nyama na maziwa haviingii chungu kimoja, wala sahani moja, wala mlo mmoja. Mkahawa wa nyama hauna jibini, hauna siagi, hauna krimu. Wanakaangia mafuta ya kuku. Chai niliyoletewa ilikuwa kavu, na kipande cha limau pembeni. Kwa mtu wa pwani aliyetoka kula nyama, hiyo nayo ni adhabu.

Usiku ule kitandani nikaanza kulihesabu jiko la mama yangu. Biriani, nyama imelala ndani ya maziwa lala: nje. Pilau iliyotiwa samli: nje. Kamba, kaa, ngisi, pweza wa pale Forodhani: nje wote, maana samaki wao lazima awe na mapezi na magamba. Papa naye nje. Ngamia, ambaye Eastleigh, Nairobi, ni kitoweo cha heshima, hapiti kwa sababu anacheua lakini kwato zake haziko kama wanavyotaka. Angebaki changu wa kupaka, na hapo tushukuru kwamba tui la nazi si maziwa. Nilicheka peke yangu gizani. Mwaka mzima nimejiona mimi ndiye mwenye masharti kuliko watu wote wa jiji hili, kumbe wapo walionizidi, na wanauza chakula!

Hapo ndipo penye jibu la swali lenu, mhariri. Chakula kilikuwa kitamu, sikatai, lakini nimekula vitamu zaidi. Kilichonishibisha ni kwamba kulikuwa na mtu jikoni aliyekwisha kuuliza maswali yangu yote kabla yangu, tena kwa ukali kuliko mimi. Nyama imechinjwa kwa kisu kisicho na pengo. Imelowekwa maji nusu saa, ikatiwa chumvi saa nzima kutoa damu, ikaoshwa mara tatu. Mimi kazi yangu ilikuwa kutafuna.

Nilipowaambia nyumbani, kaka yangu alianza hotuba kuhusu siasa za dunia. Mama akamkata: "Kwani hawachinji?" Nikasema wanachinja. "Basi kula, mwanangu, umekonda." Najua si masheikh wote watakubaliana na mama. Wapo wanaotosheka na aya ya Suratul Maida isemayo kwamba chakula cha waliopewa Kitabu ni halali kwetu. Wapo wanaosema mpaka jina la Mungu litajwe kwa kila mnyama, nao wachinjaji wa Kiyahudi husoma dua mara moja kazi inapoanza. Na tusidanganyane kwamba kosher na halali ni kitu kimoja: divai kwao ni ya ibada, na bia pale inauzwa. Kila mtu na moyo wake.

Hata wao hawaelewani. Mkahawa ule hufunguliwa Jumamosi, siku yao ya sabato, na kwa ajili hiyo washika dini wakubwa hawaukanyagi, hata nyama iwe safi namna gani. Nikakumbuka hoteli moja mtaani kwetu ambayo nusu ya watu walikula na nusu walikataa, eti mwenyewe hasali sawasawa. Mapishi yalikuwa yaleyale.

Sasa lile jina. Bibi ndiye aliyenipeleka kuona mahali pa asili, kona ya Barabara ya Pili na mtaa wa 10. Mwaka 1954 Abe Lebewohl, kijana mkimbizi aliyetoka Ulaya Mashariki baada ya vita, alichukua kijimkahawa pale na kukikuza. Barabara ile zamani ilikuwa imejaa kumbi za michezo ya kuigiza ya Kiyidi, lugha ya Wayahudi wa Ulaya ambayo Bibi alitukania tu. Michezo ilipokwisha, Abe akaweka nyota kwenye lami ya njia ya miguu nje ya mlango wake, zenye majina ya waigizaji, ili watu wawakanyage na kuwakumbuka. Alijulikana kwa kulisha wasio na kitu. Tarehe 4 Machi 1996 alipigwa risasi akiwa njiani kupeleka pesa benki, na aliyemuua hajahukumiwa mpaka leo. Bustani ndogo iliyo ng'ambo ya barabara imepewa jina lake.

Nduguze wakaendelea. Mwanzoni mwa 2006 mkahawa ukafungwa kwa ugomvi wa kodi na mwenye jengo, na Desemba 2007 mpwa wake, Jeremy, akaufungua tena mtaa wa 33. Pale kona ya zamani pakawa benki. Tulisimama mbele yake, Bibi na kigongo chake juu ya nyota moja iliyochakaa. "Alikuwa anaenda benki," akasema, "mwishowe benki ikamfuata." Sikujua nicheke au nifanyeje.

Inasemwa kwamba miaka ya 1930 jiji hili lilikuwa na deli za kosher zaidi ya 1,500, kila mtaa na yake. Zilizobaki leo sitashangaa mkizihesabu kwa vidole vya watu wachache. Kodi imepanda, nyama imepanda, watoto wamehamia nje ya mji, na vijana wanaogopa mafuta. Sandwichi moja sasa inauma mfukoni, ingawa nyama yake inatosha watu wawili wenye adabu. Mimi na Bibi tulikuwa tukigawana, na supu ya kuku yenye madonge ya unga wa mkate usiotiwa chachu, ambayo wenyewe huiita penisilini ya Kiyahudi. Nimeinywa nikiwa na mafua. Nasema wana haki.

Wakati wa kuondoka huletewa kiglasi cha soda ya chokoleti isiyo na tone la maziwa. Yule mzee wa miwani aliniongezea chai kavu bila kuombwa. Tulifika mahali nikiingia tu anatamka kabla sijakaa: "Hamna."

Nimalizie na la achari. Mama alimpa mtu aliyekuwa akisafiri chupa ya achari ya embe, ile nyekundu yenye pilipili ya kweli. Nikaibeba mpaka mkahawani nikiwa na hamu ya kuona itakavyokaa na pastrami. Nilipoitoa tu kwenye mkoba, mzee akaja mbio ambazo sikujua anazo. Chakula cha nje hakiruhusiwi mezani. Hajui kimepikwa wapi, katika chungu gani, na nani. Niliona haya kidogo, halafu nikaona raha. Yeye pia anauliza.

Tukafungiwa sandwichi tukaenda nayo nyumbani kwa Bibi, jikoni kwake ambako hakukuwa na sheria nyingi. Nikampakulia achari kijiko kidogo pembeni, nikamwonya. Hakusikia. Alitia kijiko kizima juu ya nyama, akauma, akanyamaza, uso ukawa rangi ya ile achari, machozi yakamtoka. Akanyoosha mkono kuelekea friji.

"Maziwa," akasema. "Haraka."

Nikasimama mbele ya mlango wa friji, nikashusha miwani yangu mpaka puani.

"Bibi, maziwa hapa hamna."

Alinitukana kwa Kiyidi, akanywa maji ya bomba glasi mbili, kisha akachukua kijiko akaongeza achari.